Twiga wa Wazungu

Mimi ni mgonjwa wa picha, nakiri mapema ili msomaji asije akanitafutia sifa nyingine. Siku hizi naangalia usiku kwenye simu, nimelala, sikio moja lina waya na jingine linasikiliza mbu. Picha ikinichosha naiacha. Ikinikolea naiangalia mara tatu: ya kwanza kwa ajili ya hadithi, ya pili kumtazama adui, maana picha mbovu utaijua kwa adui wake, na ya tatu nazima sauti kabisa nikawa nasema mwenyewe. Hiyo ya tatu ni tabia niliyotoka nayo kwetu Kitomanga.

Kwa asiyepajua, Kitomanga ipo kwenye barabara itokayo Kilwa kwenda Lindi. Minazi, mikorosho, ufuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa na kibanda cha video cha fito na makuti, ukutani magunia ili wasiolipa wasichungulie, jenereta inanguruma nyuma. Ikumbukwe kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni mpaka mwaka 1994, kwa hiyo kwetu sisi televisheni maana yake ilikuwa deki na mkanda, basi. Mikanda ilitoka Dar kwa basi, ikavuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu. Masika yakishakata njia tulirudia mkanda ule ule, mpaka watoto wanatangulia kusema maneno ya Komando kabla Schwarzenegger hajafungua mdomo. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 watu walishangilia mambo mengi ya maana. Mimi nilishangilia mikanda mipya.

Msimu wa kuuza ufuta kibanda kilijaa hadi mlangoni. Picha za ngumi zilipendwa na wavulana, za Kihindi zilipendwa na watu wote, ila wavulana walijifanya wamekuja kusindikiza dada zao. Na sheria ilikuwa moja: stelingi hafi. Akifa stelingi, unadai hela yako.

Lakini Kiingereza nani alikijua? Kihindi je? Aliyetupa picha ni mtafsiri. Wa kwetu alikuwa kijana aliyeishia darasa la saba, anakaa kando ya televisheni na kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Bwana, alikuwa na mdomo! Majambazi wote wa Hollywood aliwafanya wanatoka Dar. Msichana akilia kwenye picha, yeye atakwambia mama yake wa kambo alimfanya nini, na ukweli ni kwamba kwenye picha hakuna mama wa kambo.

Rafiki yangu mmoja wa mjini, mtafuta njia ya uandishi kama mimi, hunicheka kwa hili. Anasema tulikuwa tunadanganywa tu, na kwamba mtu hawezi kujiita mpenzi wa sinema ikiwa alizijua kupitia mdomo wa mhuni mmoja mwenye kipaza sauti. Nimebishana naye miaka. Kwanza namwambia kipaza sauti hicho ni kikongwe kuliko babu yake.

Mwaka 1935 Waingereza walianzisha kule Vugiri, Tanga, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Hadi 1937 ulikuwa umetengeneza picha fupi kama 35: kilimo, minyoo, faida ya kuweka akiba posta. Walizizungusha kwa lori vijijini, Tanganyika na nchi jirani. Sauti hazikuwa ndani ya picha, zilikuwa kwenye sahani za santuri, kwa lugha tofauti tofauti, na mtu wa kipaza sauti akaongezea. Mwenye lori ndiye aliyeamua mwanakijiji aelewe nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali hiyo hiyo ya kikoloni ikaleta watengenezaji kutoka Afrika Kusini, ikatoka Muhogo Mchungu, habari ya mshamba anayekwenda Dar es Salaam akaliwa fedha zake. Aliyecheza mshamba ni Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu. Kwa maana hiyo stelingi kweli hakufa. Ila somo la picha lilikuwa lile lile: kaa kwenu, usije mjini.

Sasa linganisha na kibanda. Pale kipaza sauti kilishikwa na mtu wetu. Dar alitokea Lufufu, yaani Derek Mukandala, sauti yake ikauzwa ndani ya mikanda nchi nzima. Uganda wana VJ Jingo, Kenya wana DJ Afro. Wote hao wametengeneza picha ya pili juu ya picha ya kwanza. Mimi nasema ndio walimu wangu wa kuandika. Kwa mtafsiri nilijifunza kwamba msikilizaji akianza kukohoa, umeshampoteza.

Hoja yangu kubwa kwa rafiki yangu, hata hivyo, ni usiku wa Jurassic Park.

Picha hiyo ya Steven Spielberg ilitoka mwaka 1993. Kwetu ilifika miaka mitano hivi baadaye, mkanda umechoka, rangi zinavuja. Mnaikumbuka: wataalamu wanapelekwa kisiwani, gari linasimama, mwanamume anavua miwani, na mbele yao anapita mnyama wa kwanza, shingo inafika mawinguni, anasimama kwa miguu ya nyuma kula majani ya juu. Kibanda kilinyamaza. Hata mtafsiri alinyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akasema, "Huyo ni twiga wa Wazungu. Wanaye huko kwao." Tukacheka, picha ikaendelea.

Nilikuwa nimeshamaliza sekondari nilipokutana na mnyama yule kwenye kitabu. Anaitwa Brachiosaurus. Mifupa ya kwanza ya jamii yake ilichimbwa Colorado, Marekani, mwaka 1900, lakini haikukamilika. Umbo tunalolijua, lile la kichwa chenye paji lililoinuka na shingo ndefu kupita kiasi, limetokana na mifupa iliyochimbwa Tendaguru. Nilisoma jina hilo mara mbili. Tendaguru ni kilima cha kwetu, Lindi. Watu wa Mipingo wanaishi jirani nacho. Nimekaa kwenye mkeka mmoja nao, tukaambiwa mnyama ni wa Wazungu, wakaitikia na wao.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1906 Mjerumani aitwaye Bernhard Sattler, aliyekuwa akitafuta madini, alionyeshwa mifupa imejitokeza ardhini. (Yule mwanamama wa kwenye picha naye anaitwa Dakta Sattler. Majina yamegongana tu, lakini nilisisimka.) Kuanzia 1909 hadi 1913 msafara kutoka Berlin, chini ya Werner Janensch, ulichimba pale. Hesabu miaka vizuri: vita ya Maji Maji ilikuwa imeisha 1907, Wajerumani walikuwa wamechoma mashamba na maghala, kusini yote imetoka kwenye njaa. Watu waliokwenda kuchimba ndio hao, kuna wakati walifika 500 hivi. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi wa kutoa mfupa kwenye udongo bila kuuvunja. Kisha mifupa ikafungwa, ikabebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200! Hakuna gari, hakuna mnyama wa mizigo, maana ndorobo wangemmaliza. Vichwa vya watu.

Mwaka 1937 mnyama akasimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wa kwenda juu zaidi ya mita 13, na yupo mpaka leo. Mwaka ule ule, kama umefuatilia, wa Vugiri walikuwa wanamalizia kutufundisha minyoo.

Baadaye wataalamu waliona wa kwetu hafanani sana na yule wa Marekani, wakampa jina lake: Giraffatitan. Maana yake twiga jitu. Namuuliza rafiki yangu, sasa nani alidanganya? Mtafsiri wetu wa darasa la saba alipatia twiga. Kosa lake lilikuwa neno moja tu, "wa Wazungu", na hilo halikuwa lake peke yake. Spielberg naye hakutaja Lindi.

Tangu siku hiyo siwezi kuangalia picha ile na sauti yake.

Mwaka juzi nilikwenda nyumbani likizo. Kibanda kipo, sasa ni bati, televisheni bapa, watu wanakuja kuangalia ligi ya Uingereza. Picha nilikuwa nayo kwenye flashi. Nikamwomba mwenye kibanda. Akasema nina dakika kumi kabla mpira haujaanza. Nikapeleka mpaka pale gari linaposimama, nikazima sauti, nikashika kipaza sauti. Mikono ilinitetemeka kama mtoto. Nikawaambia huyu ni wa Tendaguru. Wengine walicheka. Mzee mmoja hakucheka. Alisema baba yake alikuwa akisema watu walibeba mawe mazito mpaka Lindi, na wao watoto walidhani ni kodi. Nikataja Boheti. Nikaeleza kwamba mwaka 2007 mnyama mwingine wa pale alipewa jina lake, Australodocus bohetii. "Kumbe huyo ndiye stelingi," akasema mtu wa nyuma. Nilikuwa bado nimo kwa wapagazi, hata pwani sijawafikisha, mwenye kibanda akachomoa flashi. Timu zilikuwa zinaingia uwanjani.

Nilipotoka nje kijana mmoja akanifuata, akaniuliza kwenda kilimani bodaboda wanachukua shilingi ngapi. Nikamwambia apatane nao mapema, na asiende masika.