Kutoka Ofisini Hadi Chamani: Tarehe ya Viongozi wa Gitega na Muyinga

Wadachi walipoyahamisha makao ya utawala wao wa Urundi kutoka Usumbura, kwenye joto la ufuko wa Tanganyika, wakayapandisha Gitega mwaka wa 1912, walikusudia kuusogelea moyo wa ufalme ambao hawakuwa wameumiliki barabara. Na nyuma yao walifuata askari, makarani na wachuuzi wasemao Kiswahili, ambao vizazi vyao wangali wakiishi mtaa wa Nyamugari, wakisali, wakiuza na kununua, na kuzungumza siasa kwa lugha hiyo hiyo. Wabelgiji walioitwaa nchi mwaka wa 1916 waliyaacha makao hayo palepale. Ndipo mji huu wa vilimani ukawa mlango wa kazi ya umma, na tangu zama hizo hata leo wachache mno wameongoza chama cha siasa katika Burundi pasipo kupita kwanza katika utumishi wa aina fulani, uchifu, uganga wa mifugo, ualimu, benki au bunduki. Na utumishi huo uliwafuata chamani kama harufu ya karafuu ifuatavyo nguo iliyotolewa sandukuni.

Waliotangulia walikuwa watu wa nasaba. Abaganwa, yaani wana wa wafalme, walijigawa katika milango miwili mikubwa, Bezi waliotokana na Mwezi Gisabo na Batare waliotokana na Ntare Rugamba, na uhasama wao ulikuwa wa kale kuliko bendera yoyote ya Kizungu. Wabelgiji katika miaka ya 1920 na 1930 waliziunganisha himaya ndogo ndogo, zikapungua kutoka zaidi ya mia hata chini ya hamsini, wakawaondoa watawala wengi wa asili ya Kihutu na kuyakusanya madaraka mikononi mwa wachache. Kisha wakawapeleka vijana wa wachache hao Astrida, katika Ruanda, kwenye shule ya Mabruda wa Upendo iliyoasisiwa mwaka wa 1929. Humo mlikuwa na fani ya utawala kwa watakaokuwa machifu, na fani za kilimo, mifugo na tiba kwa watakaokuwa wasaidizi wa Wazungu. Nathubutu kusema kwamba shule hiyo ilitunga baraza la mawaziri la Burundi huru miaka thelathini kabla ya uhuru wenyewe. Albin Nyamoya, aliyekuwa waziri mkuu mara mbili, alitoka katika fani ya mifugo. Paul Mirerekano, msemaji hodari wa chama cha UPRONA aliyeuawa mwaka wa 1965, alikuwa bwana shamba. Léopold Biha alikuwa chifu na katibu wa Mwami, yaani mfalme. Na André Muhirwa, Mtare aliyemwoa binti wa Mwami Mwambutsa, alishika uchifu kabla ya kushika serikali.

Louis Rwagasore, kiongozi wa UPRONA, alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mwana wa kwanza wa Mwambutsa. Alipita Astrida, akapelekwa Antwerp, na aliporejea hakukimbilia kiti cha baba yake, bali alianza na duka. Mwaka wa 1957 aliwaunganisha wafanyabiashara wa Kirundi katika ushirika, na wengi wa waliomsikiliza walikuwa Waislamu wa Kiswahili wa Usumbura, watu ambao serikali ya Kibelgiji iliwatazama kwa shaka na kanisa likawatazama kwa wasiwasi, ingawa wao ndio waliojua bei ya chumvi na nguo kutoka Ujiji mpaka Bukavu. Ushirika ulielemewa na deni, na Wabelgiji hawakusikitika. Lakini faida yake haikuwa katika daftari la hesabu, maana watu wa mitaa ya mjini, wasio na kilima wala mtemi wa kuwasemea, walijikuta wakiketi katika mkutano mmoja na mtoto wa mfalme, na mkutano huo ndio uliokuwa mizizi ya UPRONA. Mwaka wa 1959 alipewa uchifu wa Butanyerera, jina ambalo leo limefufuliwa kuwa jina la mkoa mzima. Akaushika kwa muda, kisha akauacha, kwa kuwa chifu ni mtumishi wa Mbelgiji na kiongozi wa chama hawezi kuwa hivyo.

Katika uchaguzi wa tarafa wa mwaka wa 1960 Rwagasore alizuiliwa asitoke nyumbani, na chama cha Wakristo Wademokrasia, PDC, kikapata viti vingi kuliko UPRONA. Chama hicho kilikuwa mkononi mwa wana wa Pierre Baranyanka, chifu mkubwa wa Kitare na rafiki wa Wabelgiji: Joseph Biroli, aliyesoma katika vyuo vikuu vya Ulaya, na Jean-Baptiste Ntidendereza, chifu aliyefanywa waziri wa mambo ya ndani katika serikali ya muda ya 1961. Kwa elimu na uzoefu wa ofisi hawakupungukiwa na kitu. Walipungukiwa na watu wa mitaani, na tarehe 18 Septemba 1961, chini ya macho ya Umoja wa Mataifa, UPRONA ilitwaa viti 58 katika 64. Rwagasore alifanywa waziri mkuu mwishoni mwa mwezi huo, na tarehe 13 Oktoba Mgiriki aitwaye Kageorgis akampiga risasi katika hoteli ya Tanganyika, Usumbura.

Yaliyofuata yalirudi Gitega. Tarehe 15 Januari 1963 Ntidendereza na Biroli, pamoja na wenzao watatu, walinyongwa hapo hadharani kwa kosa la kupanga mauaji ya Rwagasore. Wapo waliosema kuwa hiyo ilikuwa haki, na wapo waliosema kuwa Bezi walikuwa wakilipa deni la Batare. Mimi naona tu kwamba siku hiyo zama za abaganwa katika siasa zilikwisha kwa pande zote mbili, kwa kuwa mlango mmoja ulikuwa umempoteza mwanawe bora na mlango wa pili ukawapoteza wawili.

Baada ya hapo kazi iliyopeleka watu juu ikawa moja tu, nayo ni jeshi. Novemba 1966 UPRONA ilitangazwa kuwa chama pekee, na siku chache baadaye kapteni Michel Micombero akauangusha ufalme. Yeye, na Jean-Baptiste Bagaza aliyempindua mwaka wa 1976, na Pierre Buyoya aliyempindua Bagaza mwaka wa 1987, wote walitoka Rutovu, tarafa moja ya Bururi. Gitega na Muyinga, kwa miaka hiyo karibu thelathini, zilipokea magavana badala ya kutoa viongozi. Buramatari, kama Warundi wamwitavyo gavana, alipanda kutoka Bujumbura, Usumbura ya zamani, akiwa na amri ya serikali katika mkono mmoja na kadi ya chama katika mkono wa pili. Aprili 1972, katika mwaka wa mauaji makubwa ya Wahutu wasomi, mfalme wa mwisho, Ntare wa Tano, aliuawa Gitega alikokuwa amefungwa.

Miongoni mwa waliokimbia mwaka huo alikuwamo kijana wa Nyabihanga aliyekuwa akisomea ualimu katika shule ya walimu ya Gitega. Melchior Ndadaye alimalizia masomo Ruanda, akafundisha huko, akarejea mwaka wa 1983, akaingia kazi ya mikopo na baadaye benki. Chama chake, FRODEBU, kilifanya kazi kwa siri hata katiba ya 1992 iliporuhusu vyama vingi, na mtindo wake ulikuwa wa mwalimu na mtu wa hesabu: seli kila kilima, orodha, michango midogo midogo. Juni 1993 kilishinda urais, kisha kikapata viti 65 katika 81 vya bunge. Pembeni mwake alisimama Sylvestre Ntibantunganya, mzaliwa wa mkoa wa Gitega, mwandishi wa habari, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, kisha spika, kisha rais kuanzia 1994 hata Buyoya alipomwondoa Julai 1996. Tukumbuke kwamba Ndadaye aliuawa na askari tarehe 21 Oktoba 1993, na mrithi wake Cyprien Ntaryamira akaanguka na ndege Kigali tarehe 6 Aprili 1994. Ntibantunganya aliurithi urais ambao hakuna mwenye akili timamu angeutamani, na kipaji chake cha maneno, kilichomfaa sana magazetini, hakikuwa na jeshi nyuma yake.

Chama kilichokuja baadaye kilijifunza somo hilo vilivyo. CNDD-FDD kilizaliwa msituni, katika vita vilivyofuata mauaji ya Ndadaye, kikaingia serikalini baada ya mapatano ya 2003, kikashinda mwaka wa 2005. Pierre Nkurunziza alikuwa mwalimu wa michezo, mtoto wa mbunge aliyekuwa gavana na kuuawa mwaka wa 1972. Évariste Ndayishimiye, aliyezaliwa Kabanga katika tarafa ya Giheta, mkoa wa Gitega, mwaka wa 1968, alikuwa akisomea sheria Chuo Kikuu cha Burundi hata mauaji ya wanafunzi ya 1995 yalipomsukuma msituni. Baada ya amani alipanda ngazi zote za ofisi kwa utaratibu ambao hata Wabelgiji wangeusifu: waziri wa mambo ya ndani na usalama wa raia 2006, kisha mkuu wa ofisi ya rais kwa mambo ya jeshi, kisha kwa mambo ya raia, na Agosti 2016 katibu mkuu wa chama. Watu humtaja kwanza kuwa jenerali. Mimi humwona zaidi kuwa mtu wa mafaili, aliyekaa karibu na kiti miaka mingi pasipo kukigusa. Nkurunziza alifariki tarehe 8 Juni 2020, na siku kumi baadaye Ndayishimiye akaapishwa katika uwanja wa Ingoma, Gitega, mji uliokuwa umetangazwa makao makuu ya siasa mwishoni mwa 2018.

Muyinga nayo ina tarehe ya namna nyingine. Ni nchi ya mpakani, iliyoandikwa Muhinga katika karatasi za Wabelgiji, na barabara yake itokayo Kobero ndiyo iingizayo malori ya Dar es Salaam. Kuanzia mwaka wa 2002 wakimbizi waliokuwa wakirudi kutoka kambi za Ngara walipita hapohapo, wengi wao wakiwa wamesoma na kukulia katika Kiswahili, na mtaa wa Waswahili wa mjini Muyinga ukapata majirani wapya waliosema lugha yake kwa lafudhi ya Kagera. Katika mji wa jinsi hii kiongozi wa chama aghalabu ni mkuu wa shule, au mwenye duka, au musitanteri wa zamani aliyewahi kuiendesha tarafa. Humjui kwa vitabu, bali kwa foleni ya watu mlangoni pake wanaotaka saini. Mapatano ya amani ya Arusha ya Agosti 2000 yaligawa viti kwa mizani ya kabila, na katiba ya 2005 ikaongeza sharti la wanawake asilimia 30 bungeni, jambo lililovifanya vyama vitafute wanawake wenye uzoefu wa kazi vilimani, wakawapata miongoni mwa walimu na wauguzi. Malalamiko nayo yamesikika mara nyingi, Muyinga na kwingineko, kwamba njia imegeuzwa: zamani mtu alikuwa mkuu wa shule kisha akaitwa chamani, siku hizi huanza na chama ndipo akapewa shule.

Sheria ya Machi 2023 imeupunguza mlango wenyewe wa kazi ya umma. Mikoa 18 imekuwa mitano, na tarafa 119 zimekuwa 42. Muyinga imeunganishwa na Cankuzo na Ruyigi katika mkoa wa Buhumuza, na makao ya gavana yamewekwa Cankuzo. Gitega imepanuka kwa kumeza majirani zake. Katika uchaguzi wa Juni 2025 chama tawala kilichukua viti vyote 100 vilivyopigiwa kura, basi ushindani wote uliobaki uko ndani yake, na kijana wa Muyinga aliyetazamia kuanza na utumishi wa tarafa ili siku moja ajulikane chamani sasa anagombea nafasi ambazo ni theluthi moja hivi ya zile walizogombea waliomtangulia.