Macho ya Boma: Historia ya Utunzaji wa Wazee Muhuru Bay

Katika Muhuru Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria unaopakana na Tanzania katika kaunti ya leo ya Migori nchini Kenya, utunzaji wa wazee haukuanza kama kazi ya taasisi wala ya mtu wa kuajiriwa, bali ulitokana na mpangilio wenyewe wa boma, ambalo Wajaluo na majirani zao Wasuba huliita dala. Nyumba ya mke mkubwa ilielekea lango, za wake wenzake zikapangwa kulia na kushoto kwake, na karibu na zizi palikuwa na duol, yaani kibanda cha mwenye boma ambamo wanaume walikutana jioni kula na kuzungumza. Chakula kililetwa hapo kutoka katika kila jiko mbele ya macho ya wote, kwa hiyo mzee aliyepunjwa au kucheleweshewa mlo hakuhitaji kushtaki, maana upungufu huo ulikwisha kuonekana.

Wana wakubwa walitoka kwenda kujenga maboma yao, lakini kitinda mimba, chogo, alibaki na kuirithi nyumba ya mama yake, na kwa sababu hiyo yeye na mkewe ndio waliobeba mzigo wa kuwaogesha, kuwalisha na kuwauguza wazazi. Kwa wanawake wazee palikuwa pia na siwindhe, nyumba ambamo watoto, hasa wasichana, walilala na kufunzwa hadithi, vitendawili na adabu. Mwanahistoria David William Cohen, akiandika mwaka 1985 kuhusu Wajaluo wa Siaya, alionyesha kwamba mlezi wa nyumba hiyo, aliyeitwa pim, mara nyingi alikuwa ajuza aliyetoka nje ya ukoo uliomkaribisha. Mpango huo ulimpa mwanamke asiye na nguvu za shamba mahali, kazi na heshima, na usiku ulimpa watu wa kumsikia iwapo angeanguka au kuugua. Haifai, hata hivyo, kuusifu mpangilio huu wote wa boma kupita kiasi, kwa kuwa ulisimama juu ya kazi ya wake waliofika kwa ndoa, ambao mara chache waliulizwa kama wanaiweza.

Kodi ya kikoloni, iliyolipwa kwa fedha taslimu, iliwatoa vijana wa Kavirondo Kusini, kama eneo hili lilivyoitwa wakati huo, kwenda kutafuta ujira katika reli, mashamba ya chai ya Kericho na bandari ya Mombasa, shule nazo zikawachukua watoto waliokuwa wakilala siwindhe. Tangu miaka ya 1980, biashara ya mbuta, samaki mkubwa aliyepandwa ziwani katika miongo iliyotangulia, ilileta fedha ufukweni na kuwafanya wavuvi wahame kutoka mwalo mmoja hadi mwingine. Boma lilibaki, ila waliokuwa wakitazama walipungua.

Pigo kubwa kuliko yote lilikuwa UKIMWI, uliotangazwa kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 ulikuta maambukizi katika mkoa wa Nyanza yakiwa takriban asilimia 15 ya watu wazima, karibu maradufu ya wastani wa nchi. Hospitali zilipofurika, wagonjwa walirudishwa nyumbani, na mwaka 2002 serikali ilitoa mwongozo wa uuguzi wa nyumbani, yaani huduma inayompa mgonjwa dawa, usafi, lishe na faraja akiwa kwake, pamoja na njia ya kumpeleka kituoni hali inapozidi. Mwongozo huo ulikuwa hatua kubwa, lakini ulimlenga mgonjwa, ilhali muuguzi wake mara nyingi alikuwa mama yake mzee, aliyeinua mwili wa mtu mzima bila msaada, akafua mashuka kwa maji ya ziwa, kisha akabaki kulea wajukuu. Hili ndilo deni zito zaidi katika historia hii: kizazi kilichotumika kama hospitali kilizeeka kabla mtu yeyote hajaandaa utaratibu wa kukitunza.

Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 57, iliwapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia na serikali. Mpango wa Inua Jamii, uliopanuliwa mwaka 2018 kwa waliotimiza miaka 70, uliwaletea shilingi 2,000 kwa mwezi, fedha zinazonunua unga na sabuni lakini haziwezi kumgeuza kitandani mtu aliyepooza ili asipate vidonda vya mgongo. Karibu zaidi na haja hiyo ni wahudumu wa afya ya jamii, takriban 100,000 nchini kote, waliokabidhiwa vifaa mwezi Septemba 2023, vikiwemo vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Kila mmoja hupangiwa kaya zipatazo 100, na anapofika kwa ajuza aliyeachiwa mjukuu wa shule, kifaa chake humwonyesha shinikizo la damu, ila kama ajuza huyo amekula, ameogeshwa au ametishwa atajua tu akiketi na kumwuliza, na akirudi tena kabla ya mwezi kwisha.