MEMKWA: Nafasi ya Elimu kwa Watoto Wanaofanya Kazi Mjini Moshi

Mtoto aliyepita umri wa kuanza darasa la kwanza, au aliyeacha shule ili atafute kipato, bado ana nafasi ya kupata elimu ya msingi kupitia Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, unaofahamika zaidi kwa jina la MEMKWA. Katika Manispaa ya Moshi walengwa ni watoto wanaobeba mizigo katika Soko la Mbuyuni, wanaouza karanga na mayai ya kuchemsha stendi kuu ya mabasi, na wanaookota vyuma chakavu na chupa za plastiki. Wamo pia wasichana wa kazi za ndani, ambao hawaonekani mitaani na kwa sababu hiyo husahaulika upesi.

Baadhi yao hushuka kutoka vijiji vya mteremkoni kama Kibosho, Uru na Old Moshi. Huko kihamba kilichomtosha babu kimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi kubaki kipande cha migomba, na kahawa iliyokuwa ikilipa karo haina tena nguvu ile ya zamani. Januari 2016 elimu ilianza kutolewa bila ada hadi kidato cha nne. Hata hivyo, kufutwa kwa ada hakurudishi fedha ambazo mtoto hupeleka nyumbani jioni.

MEMKWA ilibuniwa mwaka 1997 kwa ushirikiano wa Serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF), ikafanyiwa majaribio katika wilaya tano, zikiwemo Kisarawe na Masasi. Ilienezwa nchini wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa mwaka 2002 hadi 2006. Wanafunzi hugawanywa katika makundi mawili: wasiozidi miaka 13, na wenye miaka 14 hadi 18. Kundi la kwanza huandaliwa kujiunga na darasa la tano katika mfumo rasmi baada ya kufaulu upimaji wa darasa la nne. La pili huandaliwa kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Masomo yamefupishwa, nayo hujumuisha Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, maarifa na stadi za kazi.

Jambo linaloamua mafanikio ya darasa hili ni saa. Mpango uliasisiwa kwa msingi kwamba jamii yenyewe ichague muda wa masomo, takribani saa tatu kwa siku. Darasa linalofunguliwa asubuhi, wakati magari ya ndizi na mboga yanaposhusha mizigo sokoni, litabaki na madawati matupu hata likiwa na mwalimu hodari. Vivyo hivyo kwa siku za gulio vijijini. Kamati ya mtaa inayopanga ratiba bila kuwauliza watoto wenyewe hupanga ratiba ya watu wazima.

MEMKWA si kibali cha kumtumikisha mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa ajira, tena kwa kazi nyepesi isiyozuia masomo, na inakataza kazi za hatari na za usiku. Mwajiri wa msichana wa kazi aliye chini ya umri huo hajitakasi kwa kumruhusu kwenda darasani mchana.

Mjini Moshi mashirika ya kiraia yamekuwa na mchango wa muda mrefu kwa watoto wa mitaani, yakiwemo Mkombozi, lililoanza mwaka 1997, na Kituo cha Amani, kilichoanzishwa mwaka 2001.

Mzazi, mlezi au jirani anayemfahamu mtoto asiyesoma anaweza kufika kwa mtendaji wa mtaa, afisa elimu kata au mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu. Aliyeacha shule anaweza pia kuomba kurejea katika mfumo rasmi, kwa utaratibu uliotangazwa na Serikali Novemba 2021. Taarifa za mtoto anayetumikishwa au kunyanyaswa hupokelewa bila malipo kupitia simu namba 116. Kijana anayekaribia miaka 18 asicheleweshwe, kwa kuwa akipita umri huo atahamia katika mipango ya elimu ya watu wazima.