Dini Darasani: Kutoka Malindi ya 1542 hadi Chuo Kikuu cha Pwani

Mwaka 1542 meli ya Kireno iliyokuwa safarini kwenda Goa ilitia nanga Malindi. Padri Francis Xavier alikuwa abiria, na mjini alizungumza na mzee mmoja wa Kiislamu mwenye heshima zake. Mzee alimuuliza kama Wakristo wa kwao huenda kanisani, maana Malindi ilikuwa na misikiti 17 na iliyokuwa ikiswaliwa ni mitatu tu. Walijadiliana sababu, wasikubaliane.

Habari hii imo katika barua ya Xavier. Mzee hakutajwa hata jina. Je, alisema hivyo hasa, au padri alisikia alichopenda kusikia? Madrasa na seminari humfunza mtu dini yake aishike, na kazi hiyo ni kubwa. Chuo kikuu humfunza kuuliza pia nani anasimulia imani ya nani.

Pwani swali hilo lilichelewa. Wamishonari Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walipiga kambi Rabai mwaka 1846, na kwa miaka mingi imani ya Wamijikenda iliandikwa na wageni waliotaka kuibadilisha. Mambo yaligeuka Waafrika walipoanza kufundisha wenyewe. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui na kasisi wa Kianglikana, alifundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974. Kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kilionyesha kwamba watu wetu walimjua Mungu kabla ya mmishonari kufika. Mwaka 2008 UNESCO iliitambua misitu ya kaya za Wamijikenda, mahali pao patakatifu, kuwa urithi wa dunia.

Leo taaluma ya dini inasomeshwa Kilifi, kaunti yenye Malindi na Rabai, katika Chuo Kikuu cha Pwani kilichopewa hati mwaka 2013. Wazazi huuliza kijana atakula nini, na wana haki; wengi huishia ualimu. Lakini taaluma hii inahitajika pia nje ya darasa. Mwaka 2023 zaidi ya maiti 400 zilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi. Mashtaka yanasema waumini walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Vijijini, wazee wangali wanauawa kwa tuhuma za uchawi. Polisi hufika watu wameshazikwa. Mahubiri yanayopotoka hutambuliwa mapema na mtu aliyezoea kuyapima maandiko na kuwasikiliza waumini bila kuwadharau.

Kaunti ya Kilifi na iwaajiri wahitimu wa taaluma ya dini, iwapeleke vijijini.