Wa Nyuma Ndiye Mwenye Deni

Manze, hii vita ya nduthi na watu wa miguu hapa Kawangware ilishapiganwa kwenye theluji.

Mwaka 1965, Sherman Poppen wa Marekani aliunganisha ski mbili, binti yake akapata ubao mmoja wa kutelezea. Ubao ukashika. Miaka ya 80, milima mingi ya ski ikaufungia mlango: eti vijana wakorofi, eti hatari. Si ndio wimbo tunaoimbiwa kuhusu watu wa boda?

Ubao haukuisha. Mwaka 1998, Nagano, uliingia Olimpiki, michezo ileile Philip Boit alipoiwakilisha Kenya kwa ski. Leo milima mingi iko wazi kwa wote.

Na sheria ni moja. Shirikisho la ski, FIS, lilipitisha kanuni zake 1967: anayetoka nyuma ndiye achague njia isiyomhatarisha aliye mbele. Haijalishi umevaa nini mguuni.

Sasa shuka Kibera Drive. Mama mwenye mtungi wa maji hana macho kisogoni. Wewe wa nduthi unamwona. Na wewe wa gari, unamwona wa nduthi. Mbio ni zako, breki pia ni zako.