Majina ya Maradhi ya Viganja

Jina la maradhi laweza kuwa la namna mbili. La kwanza hueleza lile lionekanalo kwa macho; la pili hutoa hukumu juu ya asili yake. Hukumu ikiwa na kosa, mara nyingi kosa hilo huishi kuliko yeye aliyelitoa. Habari za ngozi ya viganja zaonyesha jambo hili.

Katika mwaka 1873, William Tilbury Fox, tabibu wa magonjwa ya ngozi huko London, aliandika habari za wagonjwa waliotokwa na malengelenge madogo ya maji katika viganja na kando za vidole. Yaliwasha sana, kisha ngozi ikabambuka. Fox alidhani ya kuwa jasho limezibwa njiani, kwa hiyo akatunga jina la Kiyunani, disidrosi, yaani jasho lenye kasoro. Mwaka 1876 Jonathan Hutchinson, tabibu wa mji uo huo, aliyaita keiropomfoliksi, yaani viputo vya mkono. Jina lake halikutaja jasho hata kidogo.

Baadaye, waliochungulia ngozi hiyo kwa hadubini waliona ya kuwa maji yale hukaa katikati ya chembe za ngozi ya juu, wala si jasho lililozibwa. Hata hivyo jina alilolitunga Fox latumika mpaka leo.

Mwaka 1919, Grover Wende, tabibu wa Marekani, alieleza maradhi mengine yaliyo jirani na hayo. Hapa viputo havina maji, bali hewa tu, wala haviwashi sana. Hupasuka, ngozi ikabambuka kwa duara zenye kupanuka. Mkono hupona, kisha mambo hurudi yale yale, hasa wakati wa joto. Maji na sabuni huyazidisha. Wende aliyaita keratolisisi eksfoliativa, yaani kulegea na kubambuka kwa ngozi ngumu. Jina hilo lasema lionekanalo tu, basi hapana wa kulisuta.

Jambo hili latuhusu na sisi tusemao Kiswahili. Twazoea kuita kila ubaya wa ngozi upele au choa. Lakini upele na choa huambukiza kwa kugusana. Maradhi haya mawili ya viganja hayaambukizi kamwe. Mtu akiitwa mwenye upele, watu humnyima mkono wakati wa kuamkiana, na huona karaha kula naye katika sinia moja. Neno moja lisilo mahali pake limemtenga na wenzake bila hatia.

Basi, mpaka tupate jina lililo bora, yafaa tuseme waziwazi: kubambuka kwa ngozi ya viganja. Ni maneno marefu kidogo, lakini hayamsingizii mtu, na mkono wake twaweza kuupokea.