Mafundi wa Vyombo wa Songo Songo na Pwani ya Kilwa

Wanachama wenzangu, kitabu hiki cha miaka kumi kimejaa habari za korosho na ufuta, maghala na minada, kama ipasavyo. Lakini mtu akiulizwa mazao ya mababu zetu yalifikaje sokoni kabla ya barabara, hapana budi ataje chombo. Na akitaja chombo amekwisha kumtaja seremala. Kwa hiyo nimeomba nafasi hii niandike habari za kazi isiyopimwa kwa kilo.

Kazi hii ni kongwe. Wareno walipoishambulia Kilwa Kisiwani mwaka 1505, mmoja wa watu wa msafara wa Francisco d'Almeida aliandika aliyoyaona pwani. Alikuta vyombo vingi, vingine vya kadiri ya tani 50, na havikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na nyufa zikazibwa kwa mchanganyiko mweusi wa ubani na utomvu. Vyombo hivyo vilikwenda mpaka Sofala, katika nchi iitwayo leo Msumbiji. Wakulima wa minazi na watambue hapo kwamba makumbi, ambayo wengine wetu huyatupa, ndiyo yaliyokuwa misumari ya Kilwa.

Chombo mashuhuri cha kushonwa katika pwani yetu kiliitwa mtepe. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mitepe ilitoweka baharini, na mafundi wake wakafa mmoja mmoja. Mwaka 2003 mafundi walijenga mtepe mwingine huko Unguja, ukawekwa katika Jumba la Maajabu ili watu wautazame. Kazi hiyo yastahili sifa, lakini fikirini jinsi ilivyokuwa: hapakuwa tena na mzee wa kusimama kando na kusema, "Hapo umekosea, fungua ushone upya." Ilibidi kutegemea vielelezo vidogo na maandishi ya watu waliowahi kuiona mitepe. Tena sehemu ya jumba lenyewe iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mimi naona hasara ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko ya pili, maana jumba laweza kujengwa upya kwa fedha.

Sasa niseme habari za kisiwa chetu. (Wageni hukichanganya na Songo Mnara, penye magofu yaliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Hivyo ni visiwa viwili mbalimbali.) Watu wa mbali waliijua Songo Songo kwa gesi, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Wenyeji waliijua zamani kwa uvuvi, na uvuvi hauna maisha pasipo seremala.

Fundi wa vyombo hana karatasi ya ramani. Hulaza mkuku, akapima kwa shibiri na dhiraa, na mengine yote huyaamua kwa jicho. Tezo ndiyo kalamu yake. Keekee hutoboa tundu la msumari, na pamba iliyolowekwa mafuta hupigwa kalafati katika kila ufa. Kijana hujifunza kwa kushika upande wa pili wa ubao na kutazama, na aghalabu hupita miaka kabla hajaaminiwa kuchonga taruma.

Ndiyo maana fundi mgeni ana thamani kubwa. Mwenye chombo akimwita fundi kutoka mwambao mwingine, vijana wa mahali huja kumzunguka, na mafundi wenyeji nao huja, ijapokuwa hujifanya wanapita tu. Hubishana juu ya mwinamo wa omo na unene wa ubao, na katika ubishi huo elimu huhama. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, walikamilisha jahazi la mita 9 lililojengwa kwa plastiki iliyookotwa. Mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja, likitia nanga njiani ili watu walikague. Safari ile ilikomea Unguja. Ingalifika Kilwa, mafundi wetu wangaliuliza maswali magumu.

Mafundi wale walikuwa na shabaha ya kuonya juu ya takataka za bahari, lakini mimi niliposoma habari hiyo nilifikiri juu ya mbao. Gogo la ngalawa aghalabu ni la mwembe, na mwembe umo shambani mwa mwanachama. Mkulima huuza mti mkuu wa babu yake, huchongwa, hutiwa matengo na kushuliwa. Na ni wachache wapandao mwingine mahali pake. Mbao za mashua hutoka barani, katika misitu ambayo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwapa wanavijiji nafasi ya kuitunza na kuivuna wenyewe. Kikole na Kisangi, katika wilaya yetu ya Kilwa, zilipata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009, jambo ambalo misitu ya asili ya vijiji barani Afrika haikuwahi kulipata. Mpingo wao hutafutwa na watengenezaji wa ala za muziki wa Ulaya. Fundi wa kisiwani, aliye karibu zaidi, hukosa ubao ulio halali na wa bei anayoiweza.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 haikuwekwa kwa ajili ya wakulima peke yao. Wavuvi na mafundi nao waweza kujiunga. Napendekeza mkutano mkuu ujao uzungumze mambo mawili: chama cha msingi cha mafundi wa vyombo, kitakachonunua mbao kwa pamoja katika misitu ya vijiji, na fungu dogo la nauli na chakula cha fundi mgeni, mara moja kila mwaka baada ya msimu wa korosho, aje afanye kazi pwani mbele ya vijana. Miche ya miembe yaweza kuoteshwa pamoja na ile ya mikorosho tunayogawa.